Chura wa Kumbikumbi na Kichwa cha Kifutu: Kisa cha Katubuka

Usiku ule wa Novemba mvua ilikuwa imenyesha tangu saa kumi jioni, na ilipokatika tu kumbikumbi wakatoka. Aliyewahi kukaa Kigoma anajua maana yake. Kila nyumba yenye taa ya nje huweka beseni la maji chini ya balbu, watoto hawalali, na harufu ya kumbikumbi wanaokaangwa huingia mpaka chumbani. Kwa jirani yangu hapa Katubuka, mama mwenye genge la nyanya na dagaa, beseni lilikuwa barazani karibu na ngazi. Mnamo saa mbili na nusu nikasikia yowe, halafu mbwa akilia kwa sauti nisiyoizoea, halafu mjukuu wa yule mama akaita: "Mwalimu! Mwalimu, njoo na tochi, nyoka ana miguu!"

Tukio lenyewe halikuzidi dakika ishirini. Maneno yaliyolifuata yalichukua zaidi ya wiki, na kabla hayajatulia vyura wengi wa mtaa wetu walikuwa wameuawa na mtoto mmoja alikuwa amelazwa mkekani na kitambaa cha maji machoni. Nimeamua kukiandika kisa chote kwa sababu ndani yake yumo mnyama wa ajabu sana, ambaye hata hakuwepo, na yumo mwingine wa kawaida aliyekufa kwa ajili ya sifa za yule wa kwanza. Mimi nafundisha biolojia. Sehemu ya kosa ilikuwa yangu, nitafika hapo.

Nilichokikuta barazani

Pembeni mwa beseni alikuwa chura mkubwa kama ngumi ya mtu mzima. Alikuwa amejijaza hewa hadi ngozi imekaza, ameinuka kwa miguu yote minne, kichwa amekiinamisha. Mjomba wa yule mtoto alishika beleshi. Alipomsukuma kwa ncha, chura akatoa pumzi, "fuuu", kama tairi la baiskeli linalotolewa upepo. Sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Beleshi lilishuka kabla sijafungua mdomo.

Mbwa wao alikuwa akizunguka uani, povu jeupe likimtoka, akijipangusa mdomo kwa miguu ya mbele. "Ameumwa, mwalimu," mama akaniambia. "Ni yule wa kwenye simu."

Wa kwenye simu alikuwa ameingia kwenye grupu la mtaa alasiri ya siku hiyohiyo. Mtu mwenye ndugu ng'ambo ya ziwa alituma picha ya chura mkubwa aliyekaa juu ya majani makavu. Mgongo wake ulikuwa na rangi ya majani yaliyooza nusu, ubavu mweusi wa kahawia, na kati ya rangi hizo mbili mpaka mkali kama uliokatwa kwa wembe. Ukimtazama kwa juu, hukuona chura. Uliona kichwa cha nyoka, kipana, chenye pembe tatu. Chini ya picha kulikuwa na sauti ya mwanamume akionya kwamba chura huyo ana sumu ya kifutu, kwamba ameshaonekana kwenye boti lililoleta mawese, na kwamba mtu asinyanyue dumu pale Kibirizi kabla ya kuangalia chini yake.

Kufikia saa nne usiku habari ilikuwa imekamilika: chura wa Kongo ameingia Kigoma na ameuma mbwa Katubuka. Asubuhi nilipopita sokoni Ujiji niliikuta imenitangulia, na mbwa alikuwa ameshakuwa mbwa wawili.

Picha haikuwa ya kughushi

Kazi ya kwanza niliyojipa ilikuwa kumjua yule wa kwenye picha. Ni rahisi kusema "uongo wa mitandaoni" na kulala. Lakini picha ilikuwa ya kweli, na yule mnyama yupo.

Wanasayansi humwita Sclerophrys channingi. Ni chura jitu wa misitu ya mvua ya Kongo, anayejaza kiganja cha mtu mzima. Kwa zaidi ya karne moja alihesabiwa pamoja na ndugu yake wa magharibi, Sclerophrys superciliaris, ambaye George Boulenger wa jumba la makumbusho la London alimtangaza mwaka 1888 kutokana na mnyama aliyetoka Rio del Rey, Kamerun. Jina hilo la pili linahusu nyusi: juu ya kope zake ngozi imechomoza kama kipembe kidogo, na ndiyo inayompa uso wa mtu aliyekasirika. Mwaka 2011 watafiti walipolinganisha maumbo na vinasaba vya vyura majitu waliotunzwa kwenye makumbusho na waliotoka msituni, waliona kwamba wa Kongo ni wa aina yake. Wakampa jina la Alan Channing, mtaalamu wa Afrika Kusini aliyetumia miaka mingi kuchunguza vyura wa upande wetu huu wa bara. Kwa hiyo kisayansi ana umri mdogo kuliko wanafunzi wangu, ingawa wazee wa msituni walimjua kabla hata Boulenger hajazaliwa.

Kilichompa umaarufu ni utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Miongoni mwa waandishi wake walikuwamo Eli Greenbaum wa Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso na Chifundera Kusamba wa kituo cha utafiti wa sayansi asilia cha Lwiro, Kivu Kusini. Baada ya miaka kumi ya kwenda na kurudi misituni, walitoa hoja kwamba chura huyu anamwiga nyoka, na si nyoka yeyote, ila Bitis gabonica, kifutu mkubwa wa misituni.

Huyo kifutu anastahili kuelezwa kidogo, maana bila yeye chura hana maana. Ni ndugu wa bafe tunayemkuta mashambani, ila ni mnene zaidi. Anaweza kupita kilo 8, na meno yake ya sumu hufika sentimita 5, marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote duniani. Hakimbizi windo. Hulala katikati ya majani yaliyoanguka, kichwa chake cha rangi hafifu chenye mstari mwembamba wa kahawia katikati kikifanana na jani, hadi panya au ndege amkaribie. Kwa kawaida ni mpole kupita kiasi, watu humpita pasipo kumwona. Akikerwa huinua kichwa, hujivuta nyuma, na hutoa mvumo mrefu mzito. Mnyama yeyote mwenye akili hapo hurudi.

Sasa mrudie chura. Mgongo wake wote, kuanzia mdomo hadi mapajani, una ukubwa na sura ya kichwa kimoja cha kifutu huyo. Ana mstari wa kahawia katikati kama ule wa kichwani mwa nyoka. Ana madoa mawili mgongoni. Ngozi yake ni laini, jambo geni kwa chura wa jamii hii, ambao wengi wana vinundu kama maganda ya fenesi. Ukimshtua, hatoi tu pumzi ya mvumo inayofanana na ya kifutu. Hulegeza miguu ya mbele akainama, na hapo mwili unakaa kama kichwa cha nyoka kilichovutwa nyuma kikiwa tayari kupiga. Mkao huo wa kuinama ulishaandikwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na James Chapin, Mmarekani aliyekaa misitu ya Kongo miaka mingi akikusanya wanyama. Chifundera ndiye aliyeshuhudia mvumo.

Watafiti hawakuishia kwenye sura. Walitafuta mahali ambapo wote wawili wameonekana, wakapata sehemu 11 mashariki mwa Kongo, na chura haonekani kukaa pasipo na nyoka huyo. Walipiga hesabu za vinasaba pia: kila mmoja alianza kuwa aina ya peke yake miaka kama milioni 4 au 5 iliyopita. Wamekaa pamoja muda mrefu sana. Kujifananisha kwa namna hii, dhaifu kuvaa sura ya mkali, kulielezwa kwa mara ya kwanza na Henry Walter Bates mwaka 1862, aliyekuwa akichunguza vipepeo wa Amazoni. Kwa chura wa Kongo watafiti wenyewe walitumia neno la tahadhari, kwamba "inashukiwa", kwa kuwa hakuna aliyekaa kichakani akaona nyani au ndege mlaji akimwacha chura kwa kumdhania nyoka. Naipenda tahadhari hiyo. Grupu letu lilikuwa na picha moja na likaamua kila kitu kwa saa tano.

Mzee wa ng'ambo

Hapa mtaani tunaye mzee wa Kibembe aliyevuka ziwa zamani, akiwa bado kijana. Alikuja kwangu asubuhi ya pili, akaketi kwenye kigoda bila haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Wanasema chura wetu amewafuata huku."

Nikampa simu. Aliiweka mbali kidogo na macho, akatabasamu. Alimjua. Katika ujana wake alipasua mbao kwenye misitu mikubwa ya bondeni, siku kadhaa za mwendo kutoka ziwani, na alimwona mara mbili. Mara ya kwanza hakumwona yeye, aliona nyoka. Waliofuatana naye wote walisimama. Mkubwa wa kundi akakata fito ndefu, akasukuma majani taratibu, na kile kichwa kikaruka kikaenda zake.

"Mlicheka?" nikamuuliza.

"Hapana. Yule mkubwa alitugombeza. Alisema leo ni chura. Kesho mtasema ni chura, kumbe mwenyewe."

Niliandika maneno hayo palepale, kwa maana yanabeba jambo ambalo halikutajwa hata mara moja kwenye zile sauti zilizorushwa. Kwa mtu anayeishi ndani ya msitu ule, hatari ya chura si chura. Ni kuzoea. Miguu yake ameikunja chini, mkia hana lakini majani yamefunika nyuma, na wewe unatazama kitu cha ukubwa wa kiganja kwenye mwanga hafifu. Fito ndefu ndiyo njia pekee ya kuuliza. Kwa mkono usiulize.

Kwa nini hakuweza kuwa barazani petu

Kati ya Kigoma na Kongo kuna maji. Ziwa Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50, urefu wa takriban 670, na kina kinachofika meta 1,470. Ni kizuizi cha kale kwa wanyama wasioruka. Lakini tuseme chura amejibanza kwenye boti kweli, kati ya madumu ya mawese na marobota ya vitenge. Mambo kama hayo hutokea. Chura wetu wa kawaida, nitakayemtaja mbele, alipelekwa kisiwani Mauritius mwaka 1922 ili ale wadudu wa miwa, na hadi leo yuko huko.

Tatizo lingekuwa baada ya kushuka. Huyu ni mnyama wa kivuli na unyevu wa kudumu, wa kukaa juu ya zulia la majani ambalo halikauki mwaka mzima. Angalia tulipo sisi. Milima ya nyuma ya mji ni miombo na nyasi. Kuanzia Juni hadi Agosti hatupati mvua ya maana, majani yanalia yakikanyagwa, na mioto ya nyika huonekana usiku kama mikufu. Kwenye makorongo ya Gombe na kule Mahale kuna msitu wa kijani unaofuata mito, lakini ni vipande, na mtu hawezi kuuita msitu wa Kongo. Chura mmoja aliyepotea njia angekufa akiwa mmoja.

Tena, na hili ndilo lililonikaa zaidi moyoni: hata kama angeishi, vazi lake lisingemsaidia. Uigaji wake unafanya kazi kwa wanyama waliojifunza, wao au wazazi wao, kwamba sura ile ina meno. Pasipo na mwenye meno, ile sura ni chura mnene tu anayeng'aa kwenye majani. Hapo barazani kwetu sura ya kifutu ililetwa na simu, ikavishwa mgongo usiokuwa nayo.

Aliyekufa

Niliomba mwili wake kabla haujatupwa. Niliulaza juu ya kipande cha mfuko wa saruji, nikawasha taa ya kusomea, nikachukua rula ya mwanafunzi. Kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa kiwiliwili alikuwa na sentimita 9. Mgongo ulikuwa wa kijivu cha udongo, umejaa vinundu, na mabaka ya kahawia yamekaa mawiliawili. Kichwani mabaka manne yaliacha katikati yake mstari mweupe uliokatana kama msalaba. Nyuma ya mapaja, nilipoyanyoosha, kulikuwa na wekundu kama mtu aliyedondosha mawese akayafuta. Alama hizo tatu zinatosha. Ni Sclerophrys gutturalis, chura wa kawaida anayekoroma kwenye madimbwi ya Afrika Mashariki na Kusini, yule tunayemsikia kuanzia mvua za kwanza, "gwaaa", akinyamaza, akirudia. Wa jenasi moja na jitu la Kongo, ndiyo, kama vile paka wa nyumbani na paka pori. Kufanana kwa mgongo, hakuna.

Nikampasua. Tumbo lilikuwa limejaa kumbikumbi hadi limekuwa gumu kama kifundo cha kitambaa. Nilihesabu 38 wenye vichwa, wengine walishasagika, na mabawa yalikuwa yamegandamana kama karatasi ya sigara iliyolowa. Chini ya tumbo mlikuwa na mayai, punje nyeusi ndogo kuliko za mtama, maelfu. Jike la aina hii hutaga zaidi ya 10,000 kwa mara moja, katika nyuzi ndefu za ute zinazozungushwa kwenye majani ya dimbwi. Kwa hiyo alikuja barazani kwa sababu ileile iliyowatoa watoto: mvua imekatika, balbu inawaka, chakula kinaanguka kutoka juu. Beseni la mama lilikuwa mezani pake.

Mbwa

Mbwa hakuumwa. Nililiona usiku uleule, lakini watu walitaka ushahidi, na walikuwa na haki. Nyoka wa jamii ya vifutu akimuuma mbwa, pale palipoumwa huvimba kwa muda mfupi, damu hutoka, mnyama hawezi kuguswa hapo. Mbwa huyu hakuwa na uvimbe popote. Alikuwa na povu, ufizi mwekundu kama pilipili, na kichwa alikitikisa kama mwenye mfupa kooni. Alikuwa amemng'ata chura.

Chura hana jino la sumu, na huyu wetu hana hata meno ya kawaida. Sumu yake iko kwenye ngozi, hasa kwenye tezi mbili nene zilizovimba nyuma ya macho. Akibanwa, tezi hizo hutoa maziwa mazito. Ndani yake mna kemikali zinazoitwa bufadienolidi, zinazoshambulia mapigo ya moyo kwa namna inayofanana na ile ya digoksini wanayopewa wagonjwa wa moyo kwa kipimo kidogo sana. Mbwa mkubwa akimwachia chura mapema hupona. Kijibwa kidogo kilichomtafuna kinaweza kufa.

Tulimlaza kwa ubavu, mtoto akashika jagi, nikamsafisha mdomo kwa maji yanayotoka upande mmoja na kumwagikia nje, kichwa kikiwa kimeinama ili asiyameze. Halafu nikasugua ufizi na ulimi kwa kitambaa kilicholowa, nikisuuza kitambaa kila mara, kama dakika kumi. Alitetemeka kwa saa moja hivi. Asubuhi bwana mifugo wa kata alimsikiliza moyo akasema apumzike. Kufikia jioni alikuwa ameiba kichwa cha dagaa gengeni, na mama akamfukuza kwa ufagio kwa furaha kubwa.

Neno moja lililotuponza

Sasa kosa langu. Usiku ule niliandika kwenye grupu, nikiwa na haraka ya kuzima moto: "Jamani, huyo chura hana sumu." Nilikuwa nikijibu hofu ya kuumwa. Lakini Kiswahili chetu kina neno sumu kwa vyote viwili, ile inayodungwa na jino na ile inayokuumiza ukiigusa au kuila. Walionisoma walisoma walivyosoma, na hawakukosea.

Watu wazima wengi hawakuniamini, wakaendelea kuua. Siku ya pili na ya tatu nilihesabu vyura saba kwenye mtaro mmoja tu, wamepondwa kwa mawe, mmoja bado ana uzi wa mayai unamtoka. Watoto ndio walioniamini. Mvulana wa darasa la nne akasikia mwalimu amesema hana sumu, akamkamata mmoja kwa mikono, akamchezea, kisha akajifikicha macho. Alipiga kelele hadi akasikika barabarani. Mama yake alimmwagia maji safi machoni kwa muda mrefu, akampeleka zahanati, na siku ya pili aliona vizuri. Nilikwenda kumwomba radhi mama huyo. Alinisikiliza akasema, "Mwalimu, ungesema tu asishikwe."

Ndivyo nilivyopaswa kusema. Haumi. Hana jino la sumu. Ngozi yake ina sumu, usimshike, ukimshika nawa kwa sabuni kabla hujagusa jicho au mdomo. Hayo ni maneno yanayoingia kwenye ujumbe mmoja. Nilijipa ufupi usio wangu kujipa.

Nikikiangalia kisa chote tena, sioni mwongo ndani yake isipokuwa labda yule wa boti, na hata yeye huenda alisikia kwa mwingine. Picha ilikuwa ya kweli. Pumzi ya "fuuu" ilikuwa ya kweli, ni njia ya vyura wengi ya kujikuza ili nyoka ashindwe kuwameza. Povu la mbwa lilikuwa la kweli. Kila kimoja kilikuwa na sababu yake, na watu wakavifunga kwa kamba moja kwa kuwa vilifika jioni moja.

Kuna na aliyeuliza kwenye grupu kama jitu lile lina soko kwa Wazungu. Nilimjibu kwamba chura wa aina hiyo yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, daraja la ulinzi mkali kuliko yote, ambalo ndugu yake wa Kamerun aliingizwa tangu mwaka 1975. Kumvusha mpaka kwa biashara ni jinai. Hakuuliza tena.

Swali la mama

Jirani yangu alikubali yote, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna kitabu kilichonitayarishia namna ya kulijibu kwa upole. "Basi mwalimu, nikiwaacha hawa vyura, si wataniletea nyoka?"

Alikuwa sahihi. Yupo nyoka mfupi wa jamii ya vifutu, jenasi ya Causus, mwenye madoa ya kahawia mgongoni, na chakula chake kikubwa ni vyura wa aina hii. Sumu yao ya ngozi haimshindi. Sumu yake mwenyewe ni hafifu ukilinganisha na ya bafe, lakini jeraha huuma na kuvimba, na kwa mtoto si jambo la kusubiri nyumbani. Ningemwambia mama kwamba vyura hawavuti nyoka ningemdanganya, na nilikuwa nimeshadanganya mara moja bila kukusudia.

Tukatoka nje tukaangalia. Balbu ilikuwa juu ya mlango. Chini ya ngazi kulikuwa na matofali yaliyobaki tangu ujenzi, yamerundikwa, yana mashimo ya kutosha kulala nyoka wawili na vyura kumi. Beseni lilikuwa hatua mbili kutoka mahali watoto wanapolala wakati wa joto. Mjomba mtu, yuleyule wa beleshi, alihamisha matofali siku hiyohiyo akayapanga ukutani kwa nyuma, yakiwa juu ya mbao. Waya wa taa aliuvuta hadi kwenye mwembe ulio mwisho wa uwanja. Ya barazani sasa huzimwa kumbikumbi wakitoka.

Kuhusu kuua, nilimwambia habari ya chura wa Kihansi. Mwaka 1996 nchi hii iligundua kuwa ina chura mdogo asiyefika sentimita 3, anayezaa watoto hai, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu na si pengine popote duniani. Bwawa la umeme likapunguza manyunyu, ugonjwa wa kuvu ukaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliofugwa Marekani ndio waliorudishwa kuanzia 2012. Chura wa barazani hayuko hatarini namna hiyo, yupo kila mahali. Lakini mama alisikiliza kwa makini, akauliza wale waliorudishwa walisafirishwaje, kwa ndege au kwa meli. Kwa ndege, nikamwambia. Akasema, "Kweli chura amepanda ndege, mimi bado."

Mvua nyingine kubwa ilikuja baada ya siku kumi na moja. Nilikwenda kwa tochi, na yule mzee akaja na kigoda chake. Chini ya mwembe kumbikumbi walikuwa wakianguka kama makapi ya mpunga, na vyura watatu walikuwa wameshafika, wamekaa mbalimbali, kila mmoja akiangalia upande wake. Mjukuu wa mama alichuchumaa hatua moja kutoka kwa aliye karibu, mikono ameifungia nyuma mwenyewe bila kuambiwa. Aliegemea mbele akamtazama kwa juu muda mrefu.

"Mzee," akasema, "huyu mbona hana kichwa cha nyoka?"

"Hana," mzee akajibu. "Mwangalie mdomo."

Ulimi ulitoka ukarudi, hatukuuona, tuliona tu kumbikumbi hayupo tena. Chura akafumba macho kumeza. Bawa moja lilikuwa limebaki limenata pembeni mwa mdomo, akalisukuma ndani kwa kidole cha mguu wa mbele.